Visigino vya Mkwe

Jumatatu, 31 Machi

Mlimani saa kumi na moja na nusu alfajiri, kama kawaida. Baridi ya kung'ata masikio. Nimepanda na kushuka kilima cha nyuma ya shule mara tatu bila kukaa. Wiki iliyopita mara ya tatu ilinikuta nimekumbatia mkaratusi, nahema kama fahali. Leo sikukumbatia kitu. Magoti yanalia lakini yanapanda.

Darasa la nne wameshajua. Mmoja ameniuliza mbele ya wenzake kama ni kweli najiandaa kwenda jeshini. Nikamwambia ndiyo, na adui wa kwanza ni daftari lake la hesabu.

Siku kumi na mbili zimebaki. Naandika hapa ili nisije nikajitafutia visingizio: Jumamosi ya tarehe kumi na mbili naingia korongo la Mto Chombwe. Kushuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa, kuufuata mto huko chini, kuuvuka mara tano, kupanda mgongo wa upande wa pili, na kurudi palepale nilipoanzia. Duara kamili. Alfajiri mpaka alasiri.

Miaka ishirini na saba nalichora korongo hilo ubaoni. Mistari miwili ya chaki, mto katikati, "haya, choreni." Sijawahi kuliona hata kwa mbali. Nina miaka hamsini na mbili na nimezaliwa Ufipa. Aibu yangu mwenyewe, simtupii mtu.

Jumatano, 2 Aprili

Vumilia amekubali! Sikuamini. Yeye anafundisha darasa la pili, chumba cha jirani na changu, na kwao ni kijiji cha juu kabisa ya ukingo, pale njia inapoanzia. Alishuka korongoni mara moja akiwa msichana. Mwili wake mkubwa, mdomo wake mkubwa zaidi. Anasema anakuja ili nikifa awepo wa kusimulia vizuri msibani, maana wengine wataharibu hadithi.

Kiongozi wa njia atakuwa Mzee Sospeter, jirani wa mama yake. Amepitisha watu korongoni tangu ujana wake. Nimeongea naye kwa simu. Ana sharti moja tu: kivuko cha tano tukivuke kabla ya saa saba mchana. Mwezi huu mvua inanyesha juu uwandani mchana, nanyi mko chini kwenye jua hamna habari. Mto unajaa bila hodi.

Nimenunua raba. Za bluu. Nimezivaa ndani ya nyumba jioni nzima kama mwehu.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Njia ya Msalaba jioni, vituo vyote kumi na vinne, na kila nikipiga goti nahesabu kama zoezi. Mungu anisamehe.

Jumapili, 6 Aprili

Wifi Falesi alikuja baada ya misa. Dada wa marehemu mume wangu, shangazi wa binti yangu Editha. Tangu mume wangu afariki, yeye ndiye mlinda mila wa nyumba hii, na analinda hasa. Alikunywa chai vikombe viwili kabla hajasema kilichomleta.

Ni habari ya posa. Editha ni muuguzi kule bondeni, kwenye kituo cha afya upande wa Ziwa Rukwa. Huko amempata kijana wa Kisukuma anayechanja mifugo, familia ya wafugaji walioshuka kutoka kaskazini zamani. Barua imekuja, tumeijibu, ndoa ni Julai. Imeshaahirishwa mara mbili kwa sababu ya misiba. Editha hasemi, lakini mara ya pili nilimsikia analia bafuni amefungulia maji.

Wifi alitaka kunikumbusha masharti, kana kwamba nimezaliwa jana. Kwenye ukoo huu mkwe hapiti njia moja na mama mkwe. Hampi mkono. Hamtazami usoni, wala mama hamtazami yeye. Wakitaka kuambiana jambo, wanaambiana kupitia mtu mwingine. Mpaka siku ya kumlisha: mama anamnawisha mikono, anampakulia ugali wa ulezi na kuku kwa mkono wake mwenyewe, mashangazi wakishuhudia. Akishakula ni mtoto wa nyumba. Wifi ameipanga siku hiyo Juni, ulezi mpya ukishavunwa.

Na kabla ya hapo likitokea la kutokea? Uchumba unarudi mwanzo. Barua upya, mwaka mzima wa kungoja. Alilisema hilo ananitazama machoni.

Nikamuuliza mbona ananionya mimi. Sijawahi hata kumwona huyo kijana. Siku walipoleta barua nilijifungia jikoni, nikaona mgongo wake dirishani anaondoka. Akasema, "Yule mtu wa ng'ombe simjui. Wewe nakujua."

Imeniudhi. Nimeosha vikombe kwa kelele.

Jumatano, 9 Aprili

Mzee Sospeter ana malaria! Amenipigia nikiwa darasani. Nilikaa kwenye kiti cha mwanafunzi, kidogo hivi, nikabaki hapo mpaka kengele.

Jioni akapiga tena, sauti ya mgonjwa. Amepata kijana mwingine atakayetupitisha. Anaijua njia kuliko yeye mwenyewe, amepitisha ng'ombe humo tangu utotoni. Kuna kitu kilinifanya nitake kuuliza jina. Sikuuliza. Nilikuwa na furaha mno, nikaogopa nikiuliza sana na huyu naye ataugua.

Ijumaa, 11 Aprili

Tumefika kwa mama yake Vumilia. Bodaboda mbili kutoka mjini, saa mbili za tope jekundu, Vumilia anaimba nyimbo za Kwaresima nyuma ya dereva wake njia nzima. Dereva alionekana mtu mwenye huzuni.

Na nimeliona. Nimeliona! Mahindi yanaishia, nyasi zinaishia, halafu dunia yenyewe inaishia. Chini huko, mbali mno, uzi mweupe. Huo uzi ndio mto. Sauti yake inafika juu imechoka. Kuta zake si mistari miwili ya chaki hata kidogo. Ni nyekundu, zimepasuka, miti imening'inia humo kwa mizizi yake tu. Nilisimama pale mpaka Vumilia akanivuta kanga.

Nilitaka kucheka na kulia. Nikacheka.

Nimepika ugali wa ulezi, nimeufunga kwenye kitambaa. Dagaa wa Kirando wa kukaanga kwenye kikopo. Ndio chakula changu cha kesho. Vumilia ana viazi. Chakula changu, daftari hili na penseli nimevitia kwenye mfuko wa nailoni. Suruali ya mazoezi, kitenge juu yake. Silali leo, najijua.

Jumamosi, 12 Aprili. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Balaa.

Kijana alikuwa uani anakunja kamba, ametupa mgongo. Vumilia akamwamkia kwa bashasha zake, akamuuliza jina. "Naitwa Jilala, mtoto wa Mzee Shija, wa kule bondeni."

Jilala wa Mzee Shija. Jina lililo kwenye barua iliyo ndani ya kabati langu.

Niligeuka nikatazama ukuta wa jiko. Vumilia, badala ya kunyamaza, akasema kwa sauti, "Hee! Mama Editha, si ndiye mkwe wako?" Nikasikia kamba inaanguka. Vumilia anasema naye aligeuka palepale, akachuchumaa, akajifunika uso kwa kofia. Kumbe na kwao mwiko ni huo huo. Tukabaki migongo miwili na mtu mmoja anacheka.

Ametuma neno kupitia Vumilia. Yuko tayari kurudi kwao sasa hivi, heshima kwanza. Maneno ya mtoto aliyelelewa. Yaliniuma kuliko kama angekuwa jeuri.

Nimefikiri kuhusu Julai. Nimemfikiri Editha na maji ya bafuni. Halafu nimetazama ule ukingo.

Nimeamua. Yeye atatangulia hatua arobaini na hatageuka. Vumilia katikati. Mimi nyuma, macho chini. Hatupiti njia moja. Yeye anapita ya kwake, mimi ya kwangu, ila zimefanana.

Najua ninachofanya. Twende.

Saa nne

Kivuko cha pili kimepita. Mawe ya kushukia yalikuwa makubwa kama meza, nimeyashuka kwa makalio, suruali imechanika, sijali. Huku chini kuna joto la nchi nyingine. Kuna ndege wa bluu sijui jina lake, mimi mwalimu. Maji ya kivuko cha kwanza yalinifika magotini, ya pili mapajani. Nilipiga kelele kama mtoto. Raha!

Mkwe sijamwona uso. Namjua visigino. Makatambuga ya tairi, na kisigino cha kushoto kimepasuka nyufa tatu. Kila nikiona nyufa tatu nakanyaga pale pale. Hajakosea hata jiwe moja.

Mazungumzo ni hivi. Yeye anamwambia Vumilia, "Mwambie mama jiwe hilo linacheza." Jiwe lenyewe naliona, yeye namsikia. Nangoja Vumilia aniambie jiwe linacheza. Namjibu Vumilia nimeona. Vumilia anampigia kelele kwamba mama ameona. Asubuhi nzima. Vumilia anasema akifika nyumbani atanyamaza wiki.

Saa sita na nusu

Kivuko cha tatu. Tumechelewa sana, na sababu ni kitenge changu.

Kila kivuko lazima nikipandishe. Basi Jilala akishavuka hangojei ukingoni. Anakwenda mbali, nyuma ya kichaka au mwamba, asije akamwona mama mkwe akiwa na suruali tu. Sisi tunatafuta wenyewe pa kukanyaga, tunakosea, tunarudi. Tukishavuka Vumilia anamwita. Hasikii. Anamfuata. Robo saa, nusu saa, kila mto.

Tumeshapita Mlango, pale kuta zinapokaribiana ukinyoosha mikono unagusa zote mbili. Tulishuka pale kwa kamba. Kurudi nyuma hakuna. Vivuko viwili mbele.

Juu uwandani kumekuwa kweusi. Huku jua linawaka.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Niko hai. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umevimba. Mwandiko wa darasa la kwanza.

Nimekosa maandamano ya matawi. Niko kitandani kwa mama yake Vumilia. Nyumba nzima imekwenda kanisani, naisikia ngoma mbali. Niandike yote kabla Vumilia hajarudi na hadithi yake, maana kwake maji yameshafika shingoni na jana yalikuwa kifuani.

Kivuko cha nne tulivuka vizuri. Maji yalikuwa yameanza kubadilika rangi, kama chai ya maziwa. Kutoka pale tulikimbia. Mimi, wa miaka hamsini na mbili, nilikimbia juu ya mawe, na nitasema ukweli hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilifurahi. Moyo ulikuwa unapiga mpaka kwenye meno, na nilifurahi kuliko siku yoyote ya miaka hii sita ya ujane.

Kivuko cha tano, saa nane na dakika kumi. Maji ya hudhurungi, majani, matawi, povu. Jilala alifunga kamba kwenye mti huku, akavuka nayo, akaifunga ng'ambo. Akarudi kumchukua Vumilia. Hana mwiko naye, akamshika mkono akamvusha. Vumilia anasali rozari kwa sauti njia nzima, na ni kweli maji yalimfika kifuani.

Halafu nikabaki peke yangu upande huu.

Hapo ndipo nilipoona ujinga wetu. Mto ulikuwa unanguruma, Vumilia yuko ng'ambo, midomo yake inacheza, halinifikii hata neno moja. Mjumbe wetu kwisha. Jilala akarudi tena mpaka katikati ya maji. Akasimama, uso ameugeuzia upande. Akaninyooshea fimbo yake ya kuchungia. Yeye ncha moja, mimi ncha nyingine. Mkono mwingine kwenye kamba. Sikuhitaji kuelezwa. Fimbo si mkono.

Nikaingia. Kitenge kilishika maji kikanivuta kama mtu. Hatua nne, tano. Maji kiunoni, tumboni. Nilitazama chini nitafute jiwe, na nilipotazama maji yanakimbia, kichwa nacho kikakimbia. Raba iliteleza. Kamba ikanitoka. Nikaivuta fimbo kwa uzito wangu wote. Ikakatika.

Nakumbuka vipande tu. Maji puani. Mchanga mdomoni. Nilimfikiri Editha, si Mungu. Niandike hivyo hivyo.

Halafu kitu kikanishika kifundo cha mkono, kikaminya mpaka nikadhani mfupa umevunjika. Na sauti, juu ya mto wote ule, sauti ya mtu mzima niliyoisikia asubuhi nzima ikimwambia mtu mwingine, sasa inaniambia mimi:

"Tazama mbele, mama! Usitazame maji! Tazama mbele!"

Nikatazama mbele. Mbele alikuwepo Vumilia amepiga magoti kwenye tope, rozari mdomoni kabisa. Nikamtazama huyo mpaka nikamfikia.

Nilitapika maji. Nilicheka pia, sijui ni kwa nini. Vumilia alinikumbatia, akanipiga, akanikumbatia tena.

Jilala alikuwa amekaa pembeni, uso ukutani mwa mwamba. Kofia imekwenda na mto. Mabega yanatetemeka. Vumilia akamwambia tuondoke, kuna mlima bado. Hakusimama. Akasema, wala hakumtumia mtu, "Nimeharibu. Nimemshika mama yake. Nimemharibia Editha."

Nilikasirika. Si naye, nilikasirika na hali. Nina pumzi kwa sababu ya ule mkono, na mwenye mkono analia kana kwamba ameiba. Najua mila. Naiheshimu, nimeishika tangu niolewe, niliishika jana asubuhi nzima mpaka ikakaribia kutuua wote. Lakini mila yenyewe ina mlango wa kutokea, na ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wangu wa nailoni.

Nikafungua kitambaa. Ugali wa ulezi ulikuwa mkavu, sijui kwa neema gani. Nikachota maji mtoni kwa kikopo cha Vumilia. Nikaenda nikasimama nyuma yake, nikamwambia, "Baba, nyoosha mikono." Hakunyoosha. Nikamwambia mara ya pili, kwa sauti ya darasani. Akanyoosha mikono kwa pembeni, uso bado kwenye mwamba. Nikamnawisha. Nikakata ugali kwa mkono wangu huu uliovimba, nikaweka dagaa juu, nikampa.

Hakuna kuku. Hakuna shangazi hata mmoja. Shahidi ni Vumilia, Mungu wangu, Vumilia.

Alikaa nao mkononi muda mrefu. Halafu akala. Alikula wote, na dagaa wote. Kilikuwa chakula changu cha siku nzima. Nimepanda mgongo wa Chombwe kwa nusu ya kiazi.

Mlima siwezi kuuandika, mkono unauma. Mikono na magoti, saa mbili na nusu. Mvua ilitukuta katikati, ikapita. Nyufa tatu mbele yangu, safari hii hatua tatu tu, si arobaini. Na juu kabisa, nilipogeuka, nikaona lote. Korongo lote, kuta zote mbili, mto wa hudhurungi, na mbali kule Ziwa Rukwa limelala linang'aa. Nilipiga kigelegele. Mbuzi wa watu wakakimbia.

Saa kumi na moja na nusu jioni niligusa ukuta wa jiko, ule ule niliougeukia asubuhi. Duara limefungwa! Nimefika! Mimi!

Jilala alikwishaondoka, aliaga kupitia Vumilia tukiwa bado shambani. Uso sijauona.

Jumatatu, 14 Aprili

Niliwaza nifiche. Nikawaza juu ya mdomo wa Vumilia. Nikawaza pia kwamba chakula cha kufichwa hakimfanyi mtu kuwa mtoto wa nyumba. Baada ya shule nikaenda kwa wifi Falesi mwenyewe.

Nilimwambia yote nimesimama.  Julai ilikuwa mdomoni mwake.

Alikuwa anachambua maharage. Hakuacha kuchambua. Akaanza maswali, polepole.

"Alikushika wapi?"

Nikamwonyesha. Vidole vinne na dole gumba, vyeusi kabisa, unaweza kuvihesabu. Akavitazama, akarudi kwenye maharage.

"Nani alimnawisha?"

"Mimi."

"Unga gani?"

"Ulezi. Wa mwaka jana."

Akaguna. Maharage, maharage, maharage. Jiwe moja dogo akalitupa mlangoni.

"Alibakiza?"

"Hakubakiza hata punje."

 Halafu akaweka ungo chini, akachukua simu, akampigia mdogo wake aliyeko Mwimbi. Akaanza kwa Kifipa, akaishia kwa Kiswahili, nadhani ili nisikie vizuri.

"Ameshalishwa. Ndiyo, na mama mkwe mwenyewe, porini huko kama wawindaji. Bila sisi. Ndiyo, tutamtoza huyu mama faini ya kuku, wewe wako na mimi wangu. Hapana, Julai ipo palepale. Mkwe wangu ameshakula, unataka atapike?"

Mkwe wangu. Siku nane zilizopita alikuwa mtu wa ng'ombe.

 Nikakaa chini nikamsaidia maharage. Nilipoaga ndipo akanisindikiza mpaka njiani, jambo asilolifanya, akauliza korongo lenyewe likoje.

Jumatano, 16 Aprili

Nimefuta mchoro wa zamani ubaoni. Nimechora mpya, kwa mkono wa kushoto, umepinda, na ni sahihi zaidi ya yote ya miaka ishirini na saba. Vivuko vitano, Mlango, mgongo wa kupandia. Watoto wameuliza maswali mpaka kengele ikalia na hakuna aliyetoka. Hesabu hatukufanya.

Editha amepiga simu.  Alilia, lakini safari hii hakuwa amefungulia maji.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Mvua imekatika. Asubuhi ya baridi safi.

Wamekuja saa sita, Editha na Jilala. Wifi Falesi alifika mapema, kuku wake ameshamchukua, akakaa kwenye kiti cha kaka yake. Nilipika wali na nyama, na ugali wa ulezi kidogo pembeni, kwa ajili ya kumbukumbu.

Alipita mlango wa mbele. Nilileta jagi na beseni, nikammiminia maji. Akaona kifundo cha mkono wangu, alama zimekuwa za njano sasa. Akainamisha kichwa.

Nikamwambia atazame mbele.

Akanyanyua uso. Ana mwanya. Ana kovu dogo kwenye nyusi, na macho ya mtu anayechelewa kucheka. Editha hakuwahi kuniambia kuhusu mwanya. Akaniamkia, shikamoo mama, yeye mwenyewe, na nikaitikia mwenyewe. Marahaba, mwanangu.

Walikula, wakaongezewa, wakala. Mazungumzo yalikuwa ya mvua na chanjo za ndama. Wifi alisinzia.

Raba zimekauka dirishani, bluu imepauka.

Walipoondoka nilimpa Jilala kopo la mafuta ya mgando, nikamwambia ni ya kisigino cha kushoto. Akalipokea kwa mikono miwili. Hakuuliza nimejuaje.